Naisema Nasadiki kwa mazoea

SWALI: Shangazi, nilibatizwa nikiwa mchanga. Kila Jumapili kanisani naisema Nasadiki, ile kanuni ya imani, huku nawaza bei ya samaki changu sokoni. Imani hii ni yangu, au ni ya marehemu nyanya? Msomaji, Malindi

JIBU: Mwanangu, swali hili si geni hapo kwenu. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi, na Mwislamu mmoja akamuuliza kama makanisa ya Wakristo hujaa. Alisikitika kwamba misikiti ya mji ilikuwa 17, na watu walisali katika mitatu tu.

Mimi nilirithi rozari ya mama, shanga zimelainika kwa vidole vyake. Miaka mingi nilizihesabu tu. Usiku mtoto wangu alipolazwa hospitalini, nilikwama kwenye "utuombee", nikalia. Basi sioni unafiki katika kurithi. Jumapili hii iseme Nasadiki polepole. Neno likikukwama, simama hapo, umweleze Mungu.