Ripoti ikisema "ER hasi", ulizeni kwanza kinyama kilihifadhiwaje

Dada, umeuliza kama ripoti ya mamako ya saratani ya titi, kinyama kimekatwa Lamu kikapimwa Mombasa, ikiandikwa "ER hasi, PR hasi" basi dawa za homoni hazimfai. Huenda kweli hazimfai. Lakini jua kwanza kilichopimwa.

ER ni kipokezi cha homoni ya estrojeni, protini ya ndani ya kiini cha seli ambayo kazi yake ni kuwasha jeni. Ikishapata estrojeni hushikana mbilimbili, hujibandika kwenye DNA mahali maalumu, kisha huita protini nyingine zije kulegeza DNA iliyosokotwa ili jeni inakiliwe. Mojawapo ni jeni ya saiklini D1, inayoisukuma seli igawanyike. Jeni ya PR, kipokezi cha homoni ya projesteroni, nayo huwashwa hivyo hivyo, ndiyo sababu hupimwa pamoja: PR ikionekana, ER iko kazini. Tamoksifeni, mojawapo ya hizo dawa za homoni, miligramu 20 kwa siku, hukalia pale pale pa estrojeni. ER bado inashika DNA, ila umbo limegeuka na zile protini nyingine hazipati pa kushika.

Sasa chupa. Protini hii ya ER huharibika upesi, na kwa joto letu ndiyo kabisa; ikiharibika, kipimo kinaweza kusema hasi kimakosa. Kinyama kiingie fomalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa 1: fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (ya kuzuia isiwe na asidi), ujazo mara 10 ya kinyama, chupa ya mdomo mpana. Kikae humo saa 6 hadi 72. Titi zima lichanjwe vipande vya milimita 5 hivi, la sivyo nje huiva na katikati huoza. Kosa la kawaida ni kukifunga kwenye shashi yenye maji ya chumvi kikisubiri boti ya Mokowe, ng'ambo ya bara. La pili ni wikendi: kilichotiwa Alhamisi jioni kikifunguliwa Jumatatu asubuhi, saa 72 zimeshapita. Saa ya kukatwa na ya kutiwa fomalini ziandikwe kwenye fomu. Mara nyingi haziandikwi.

Mwulizeni daktari wa patholojia jambo moja: mifereji ya kawaida ya titi kwenye slaidi hiyo ilishika rangi ya kahawia, yaani rangi ya kipimo inayoonyesha ER ipo? Ikiwa ilishika na seli za uvimbe zilizoshika rangi ziko chini ya asilimia 1, hasi hiyo ni ya kweli. Ikiwa haikushika, hapo hakuna jibu; kipimo kirudiwe kwa bloku nyingine ya nta au kinyama kipya. ER ya asilimia 1 hadi 10 huitwa chanya ya chini, si hasi, na daktari wa saratani aone namba yenyewe.