Barua kwa mwanangu: muulize atarudije

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya pili nikimsomea mamako. Unasema hapo hospitalini Mombasa wamewabandikia maadili ukutani, heshima, utu, uadilifu, na kila Jumatatu mnayasoma kwa sauti. Kisha unarudi dirishani kwenye foleni isiyokwisha, na ikifika saa kumi umeshamkemea mtu. Ukaniuliza: "Baba, nitayaishi vipi maadili haya kwa watu nisiowajua, ambao sitawaona tena?"

Nami nilikaa nyuma ya dirisha miaka mingi, katika ofisi moja hapa Amu, yaani Lamu. Jambo hili sijawahi kukuhadithia.

Alasiri moja alikuja bibi kutoka Siyu, kisiwani Pate, kitambulisho amekifunga kwenye ncha ya leso. Daftari nilikuwa nimeshalifunga. Nikamwambia, bila hata kumtazama vizuri, "Umechelewa, njoo kesho." Akasema, "Haya, mwanangu," akaondoka.

Sikumuuliza kilichomchelewesha. Na mimi mzaliwa wa hapa! Nilijua fika kuwa vyombo vya kutoka kisiwa hicho hupita mkondo wa bahari wa Mkanda, na Mkanda maji yakipwa ni tope na mikoko. Hapo chombo hungoja maji yajae, hata nahodha awe na haraka vipi. Yule bibi hakuchelewa. Alifika na maji.

Nikienda kuswali Magharibi, nikamkuta amekaa kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, la nyumba moja mtaani. Wenye nyumba hawakumjua. Walikuwa wamemtolea mto, chai na mkate wa mofa, na msichana wao anambembeleza aingie akalale ndani. Mwenye nyumba akaniambia, "Mgeni wetu huyu, hakuiwahi ofisi." Bibi akaniangalia. Alinitambua. Akaitikia salamu yangu, asiseme neno jingine. Kule kunyamaza kwake ninako hadi leo.

Wewe ulicheza kwenye daka tangu utoto, labda hukuwahi kulifikiria. Mabaraza yake ya mawe yako nje ya mlango, huku na huku, na mpita njia huketi kabla hajaulizwa jina wala ukoo. Waliojenga nyumba hizi walimtengea nafasi mtu wasiyemjua kwa chokaa na mawe ya matumbawe. Maadili ya ukutani siyabezi. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 10, imeutaja utu. Ila bibi yule alihitaji dakika tano za dirisha langu.

Asubuhi nilifungua mapema, nikamhudumia wa kwanza, nikamwomba radhi. Kuanzia hapo ratiba ya maji kujaa na kupwa ikakaa kando ya muhuri wangu, na kila mgeni nikawa namuuliza: umekuja na chombo gani, kinaondoka saa ngapi? Wa Faza na Kizingitini, huko huko Pate, wakapita mbele. Mwanzo watu wa mjini walinung'unika, nikawaeleza; baadaye wakawa wanawapisha wenyewe.

Najua unachoka, na foleni ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Hilo mwambie mkubwa wako, ni haki yako. Lakini kesho, kabla hujamwambia mtu kuwa dirisha limefungwa, muulize ametoka wapi na atarudije. Kisha uniandikie alivyokujibu.

Babako