Baba anatimiza miaka 65 na bado ana nguvu. Kwa nini asiendelee kurusha ndege?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ni kapteni wa ndege kubwa za safari za kimataifa. Machi anatimiza miaka 65, na kampuni imeshampa barua ya kustaafu. Hana kisukari, presha yake iko sawa, na kila asubuhi anatembea ufukweni kilomita 6. Alikuwa na matumaini makubwa na zile habari za kupandisha umri hadi miaka 67. Siku hizi hata hazitaji. Huu umri ulipatikanaje, na habari zile ziliishia wapi? Na baada ya siku hiyo, leseni yake inabaki karatasi tu? – Binti wa rubani, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kazi yangu ni kuwapima marubani, na swali lako huulizwa na wao wenyewe wakiwa wameshavua shati, wanangoja niwabandike nyaya za kipimo cha moyo. Nitakujibu kama ninavyowajibu wao.

Namba yenyewe ina historia yenye utata. Mwishoni mwa 1959 Elwood Quesada, mkuu wa kwanza wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, aliweka kikomo cha miaka 60, kikaanza kutumika Machi 1960. Ndege za jeti ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, na mkuu wa shirika la ndege la American Airlines alikuwa ameshamwandikia kumwomba kikomo hicho. Kwa hiyo tangu mwanzo mambo ya usalama na mambo ya biashara yaliwekwa chungu kimoja. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lilipandisha umri hadi 65 Novemba 2006, kwa sharti kwamba rubani mwenzake awe chini ya miaka 60. Marekani ikafuata Desemba 2007. Sharti la mwenzake likaondolewa mwaka 2014.

Sasa nikuonyeshe hesabu tunayoitumia madaktari, maana wengi wanaobishana juu ya umri hawajawahi kuiona. Tunaiita kanuni ya asilimia moja. Tunajiuliza: uwezekano wa mtu huyu kuanguka ghafla kwa moyo, kiharusi au kifafa ndani ya mwaka mmoja ni kiasi gani? Ukiwa asilimia 1 au chini ya hapo, anaweza kupewa cheti cha kurusha ndege yenye marubani wawili. Mwaka una saa 8,760. Zifanye 10,000 kurahisisha. Asilimia 1 kwa mwaka inakuwa mara moja katika saa milioni moja. Katika safari ya saa moja, dakika za hatari, za kuondoka na kutua, ni kama 6, yaani moja ya kumi ya safari. Kuanguka kwake kukiangukia nje ya dakika hizo, mwenzake ana nafasi ya kutosha. Na hata kukitokea ndani ya dakika hizo, majaribio ya simuleta, ile mashine ya mafunzo inayoiga ndege, yaliipa hesabu hii kipimo chake: mwenzake anashindwa kuiokoa ndege mara moja katika mia. Zidisha 10 kwa 100, unapata 1,000. Ile mara moja katika saa milioni inakuwa ajali moja katika saa bilioni moja.

Ile elfu moja yote imetoka kwa mtu wa pili aliyekaa kiti cha kulia. Ndiyo maana rubani anayeruka peke yake kibiashara kuvuka mpaka, tuseme na kindege kidogo kutoka Zanzibar kwenda Mombasa, kikomo chake kwenye kanuni za ICAO bado ni miaka 60.

Na mtu wa pili kweli anafanya kazi. Juni 2009 kapteni wa miaka 60 alifariki juu ya Atlantiki, ndege ikitoka Brussels kwenda Newark, Marekani, na abiria 247. Marubani waliobaki waliitua salama. Lakini si kila mara mambo huisha hivyo. Mwaka 1972 huko Staines, karibu na London, ndege aina ya Trident ilianguka mara tu baada ya kuruka, wakafa watu wote 118. Uchunguzi wa maiti ulikuta kapteni alikuwa na ugonjwa mkubwa wa moyo ambao haukujulikana. Alikuwa na miaka 51.

Utaniuliza: kama hesabu ni nzuri hivyo, kwa nini tuwe na kikomo? Kwa sababu hesabu ile inahusu anayeanguka ghafla, mwenzake akamwona. Kinachonikosesha usingizi ni yule asiyeanguka. Anachelewa sekunde mbili kuelewa alichoambiwa na mwongoza ndege. Anasahau swichi moja saa tisa usiku. Anarudia swali aliloliuliza dakika tano zilizopita. Mwenzake kijana anamheshimu, ananyamaza. Uzee wa ubongo hauji kwa kila mtu siku moja, na mimi sina kipimo cha dakika kumi kitakachoniambia kwamba baba yako bado na jirani yake tayari. Umri ni fimbo butu, lakini hatujapata bora ya kuishika mahali pake.

Kuna kapteni mmoja, hajafika hata miaka 60, nilimpima akafaulu kila kitu. Macho, masikio, presha, moyo, vyote safi. Alipokuwa anainama kufunga kamba za viatu aende zake, ndipo akaniambia, kama vile ananisimulia habari za mvua, kwamba wiki iliyopita kikombe cha chai kilimponyoka na mkono ukawa na ganzi kama robo saa. Nilimwambia avue viatu tena. Mshipa wa shingoni ulikuwa umeziba sehemu kubwa. Hakuwa mwongo, alikuwa na watoto wawili chuo kikuu na aliogopa kalamu yangu. Huu woga ndio unaonifanya nisiamini kwamba kuongeza vipimo peke yake kutatosha.

Nije kwenye miaka 67. Julai 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wenye kipengele hicho, kura 351 kwa 69. Februari 2024 kamati ya Seneti ikakikataa kwa tofauti ya kura moja, na sheria iliyotiwa saini Mei 2024 ikabaki na 65. Baadaye IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kikapeleka pendekezo ICAO: miaka 67, ila mmoja wa marubani wawili awe chini ya 65. Mkutano Mkuu wa ICAO uliokutana Montreal Septemba na Oktoba 2025 haukulipitisha. Hapo ndipo matumaini ya baba yako yalipoishia, na namwelewa akinyamaza.

Waliotaka 67 wana hoja nzito. Baada ya miaka 60 rubani anapimwa afya kila miezi 6, na ujuzi wake unakaguliwa kwenye simuleta mara mbili kwa mwaka. Ni watu wachache duniani wanaochunguzwa hivyo kazini. Japani inawaruhusu hadi 67. Kanada, Australia na New Zealand hazina kikomo kwa safari za ndani.

Lakini kwa kapteni kama baba yako, nchi moja kupandisha umri peke yake haimsaidii. Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, unaipa kila nchi haki ya kumkataa angani mwake rubani asiyetimiza kiwango cha ICAO. Kapteni mmoja wa Qantas, shirika la ndege la Australia, aliyeondolewa alipofikisha 60 alipeleka kesi hadi Mahakama Kuu ya Australia. Mwaka 1998 akashindwa, kwa sababu nchi nyingi alizotakiwa kuruka zilikuwa hazimpokei, ingawa kwao hakuna aliyemzuia. Vyama vya marubani Marekani vililishika hilo: makapteni wazee ndio wako kwenye ndege kubwa za ng'ambo, ukiwaongezea miaka miwili wanarudishwa ndege ndogo za ndani, wanahitaji mafunzo mapya, na kila aliye chini yao anasukumwa ngazi moja.

Msimamo wangu ni huu. Nitakubali 67 siku nchi zote za ICAO zitakapokwenda pamoja, sharti la mwenzake kijana likiwamo, na kipimo cha kumbukumbu na wepesi wa akili kikiwa sehemu ya ukaguzi wa simuleta. Nikiambiwa tu kwamba marubani ni wachache, hiyo ni shida ya kampuni, haiwezi kuwa sababu ya kitabibu.

Leseni ya baba yako haifi. Kinachoondoka ni ruhusa ya kurusha ndege za kibiashara za kimataifa. Ndege binafsi anaweza kurusha akiwa na cheti cha afya. Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2017 kwamba aliyepita 65 anaweza kuhamisha ndege tupu, bila abiria wala mizigo, na kuwa mkufunzi au mkaguzi ndani ya ndege ilimradi si mmoja wa wafanyakazi wa safari hiyo. Kwenye simuleta hakuna anga la nchi ya kumkataa, na vijana wanamhitaji mtu aliyeona dhoruba za kweli. Mwambie aongee na kitengo cha mafunzo cha kampuni yake sasa, asingoje Machi, maana nafasi za ukufunzi hupangwa mapema na vibali vya mkufunzi huchukua muda. Na kile cheti cha afya asikiache kiishe kwa hasira. Kukirudisha baada ya kukatika ni safari ndefu kuliko kukitunza.