Swali la Lugha: Ofelia anatoroka au anakimbilia?

SWALI: Ninaandika uhakiki wa filamu ya Guillermo del Toro ya mwaka 2006, El laberinto del fauno, inayomhusu Ofelia, msichana anayeishi Hispania mwaka 1944. Niliandika hivi: "Ofelia anautoroka uhalisia wa vita kwa ndoto za Alinacha." Mhariri aliikataa sentensi hiyo bila kunieleza sababu. Kosa liko wapi?

JIBU: Kisarufi sentensi yako haina kasoro. Tatizo ni kwamba kitenzi na msemo uliochagua vyote vinamlaumu mtoto ambaye filamu yenyewe haimlaumu.

Kutoroka hubeba daima kivuli cha mwenye mamlaka aliyeachwa nyuma: mfungwa hutoroka jela, askari hutoroka jeshini, na mwanafunzi asiyeonekana darasani huitwa mtoro, jina ambalo zamani katika pwani yetu waliitwa pia watumwa waliowakimbia mabwana zao. Ungeandika kwamba Ofelia anamtoroka Kapteni Vidal, baba yake wa kambo, nisingekuwa na neno, kwa kuwa Vidal ndiye mwenye amri katika nyumba ile. Lakini ukisema anautoroka uhalisia, msomaji ataelewa kuwa msichana amekwepa wajibu.

Msemo wa Alinacha umezidi hapo. Katika Alfu Lela U Lela, Alinacha anaketi na kapu lake la vyombo vya kioo, anajiona tayari tajiri aliyemwoa binti wa waziri, anarusha teke la maringo, na vyombo vyote vinavunjika. Tangu hapo msemo huo hauachani na kicheko. Ni kweli kwamba fauni, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, anamwambia Ofelia kuwa yeye ni binti mfalme, na huenda hapo ndipo ulipomkumbuka Alinacha. Hata hivyo, ufalme huo una masharti ya kutisha. Jaribio la pili analopewa na fauni linampeleka kwenye ukumbi wa kiumbe mla watoto, aliyeketi kwenye kichwa cha meza iliyojaa vyakula, kama vile Vidal anavyoketi kwenye meza yake huku wanakijiji wakipimiwa mkate.

Kitenzi kinachokufaa ni kukimbilia. Kukimbia vita hutaja kinachoachwa, ilhali mnyambuliko wa kutendea hutaja panapoendewa, na ndiko lilikotoka neno kimbilio. Tofauti hiyo si ndogo katika filamu hii, kwa sababu Ofelia hamwachi mtu: anaweka mzizi wa mandragora, mmea unaoaminiwa kuwa na nguvu za kichawi, ndani ya bakuli la maziwa chini ya kitanda cha mama yake mjamzito ili amponye. Anayefanya hivyo hajaikimbia nyumba, bali ametafuta mahali pa kupata nguvu za kuikabili.

Ama ndoto, mimi ningeibadilisha kuwa njozi. Ndoto huhitaji usingizi, na siku hizi imechukua pia maana ya matarajio, kama mtu anaposema kwamba ndoto yake ni kuwa rubani. Ofelia yu macho, ameshika chaki mkononi, anachora mlango ukutani na kuupita. Njozi huliacha wazi swali la kama mlango ule ulikuwapo, na uhakiki mzuri hauna haraka ya kulifunga. Fantasia inafaa kutaja utanzu, lakini haimfai mtoto aliyeingiwa na hofu. Usiandike pia "filamu ya giza", maana wengi watadhani picha hazionekani vizuri; sema filamu ya njozi za kutisha.

Neno vita nalo linahitaji uangalifu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilikwisha Aprili 1939, na askari wa dikteta Franco katika filamu, mwaka 1944, wanawasaka waasi waliobaki milimani. Kwa hiyo ningependekeza: "Katika Hispania ya Franco, Ofelia anazikimbilia njozi, na huko nako anayakuta majinamizi."