Uliza Mwalimu: Sayansi ya kuchanganya na ndoto ya udaktari

Shikamoo mwalimu. Binti yangu yupo shule moja ya mtaala wa Cambridge hapa Arusha, juzi kwenye kikao cha wazazi tukaambiwa mwakani kundi lao wanaingia Combined Science, yaani baiolojia, kemia na fizikia zinakuwa somo moja. Sie tulisoma za NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kila somo na mwalimu wake. Mtoto anataka udaktari, shangazi yake ashaniambia nimempoteza, nimhamishe haraka. Nifanyeje? Mama wa Njiro

Marahaba mama, na shangazi mwambie apoe kwanza. Jina la somo sio tatizo, tatizo ni vitu vitatu ambavyo kwenye kikao huwa vinapitwa mbio mbio halafu watu wanakimbilia suala la ada na sare.

Cha kwanza omba namba ya silabasi. Cambridge wana mbili zinazofanana majina, 0653 ndo Combined Science yenyewe na inahesabika somo moja, gredi moja. Halafu ipo 0654, Co-ordinated Sciences, hiyo ina mambo mengi zaidi na mtoto anatoka na gredi mbili, inahesabika masomo mawili. Wazazi wengi wanaziita zote "kombaindi" na hapo ndo wanapoumia, maana mwenye 0653 na mwenye 0654 hawajasoma kiasi kimoja kabisa.

Cha pili, na hiki ndo kikubwa kuliko vyote, uliza anasajiliwa Core au Extended, yaani ngazi ya chini au ya juu ya mtihani huo huo. Core hata mtoto apate kila kitu, juu kabisa ni C. Juu kabisa! Mtoto wa udaktari anafungiwa mlango na fomu ya usajili kabla hata hajashika kalamu, na mzazi anakuja kujua matokeo yakishatoka. Kama wanataka kumweka Core, waambie wakuoneshe alama zake na wakwambie lini wataangalia tena.

Cha tatu ni praktiko. Kuna pepa 5, ambayo mtoto anaingia maabara anapima na kuchanganya mwenyewe, na kuna pepa 6 ambayo anajibu maswali ya praktiko kwenye karatasi. Zote zinakubalika, ila mi naegemea pepa 5, kwa sababu akirudi mfumo wetu Fomu Faivu PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, atakutana na praktiko ya kweli ya NECTA kwa kila somo na burette, lile bomba la kupimia kimiminika, haijifunzwi kwa picha.

Kuhusu udaktari wenyewe, vyuo vyetu wanaangalia zaidi ufaulu wa A-level kwenye fizikia, kemia na baiolojia, na huko yanasomwa matatu tofauti hata ukibaki Cambridge. Akitaka kuhamia Fomu Faivu ya serikali au binafsi, gredi zake zinapitia NECTA kwanza zilinganishwe na za kwetu, hilo anza mapema. Kama ni 0653, ulizia kabisa kama shule ya A-level mnayoitaka inapokea somo moja kwa PCB, maana nyingine zinakataa. Mimi mwanangu angekuwa na nia hiyo ningepambana apate masomo matatu tofauti, ikishindikana 0654 Extended. Kuhama shule iwe ya mwisho.

Mwalimu mambo, niko Soweto Moshi, nasoma hiyo hiyo sayansi ya kuchanganya. Leo seli, kesho asidi, keshokutwa presha, ticha anasema vinaungana ila mi sioni vinaungana wapi.

Poa kijana. Nenda jikoni siku wanapika makande. Bibi yako akipikia Marangu juu huko anachoma kuni nyingi kuliko nyie mlioko mjini, makande yanachelewa kuiva, kwa sababu kila ukipanda kama mita 300 maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi kwa kama nyuzi 1, presha ya hewa imepungua, ndo maana Arusha kwenye mita 1,400 hivi maji yanachemka kwenye nyuzi 95 sio 100. Hiyo fizikia. Sasa bibi anatupia magadi. Magadi ni besi, kinyume cha asidi, yana sodiamu kaboneti, na yale maharage ni seli za mmea zilizoshikana kwa pektini kwenye kuta zake, besi inaivunja pektini, seli zinaachiana, maharage yanalainika. Umeshaingia kemia na baiolojia na sufuria bado ni moja. Ila akizidisha magadi vitamini B1 inaharibika, na ladha inakuwa ya sabuni, hilo halimo kwenye silabasi lakini utalijua tu.

Ukisoma mada yoyote, tafuta kitu kimoja cha nyumbani ukiulize maswali ya masomo yote matatu. Kwenye mtihani lakini maswali yanakuja na istilahi zake, so definishen zikariri tu, hakuna ujanja.

Mwalimu, mwanangu anafundishwa zote tatu na mtu mmoja, ni sawa kweli? Baba, Usa River

Inategemea huyo mtu kasomea nini. Wengi wanakuwa wazuri kwenye mbili, ya tatu wanaichechemea, na mara nyingi ni fizikia. Usimuulize mwalimu, chukua daftari la mtoto uhesabu kurasa za kila somo tangu muhula uanze. Ukikuta umeme una ukurasa mmoja na nusu, hapo ndo umtafutie tuisheni ya fizikia peke yake, sio ya zote.