Uliza Mwalimu: Zimechanganyika vizuri, mbona zinageuka nyeupe?

SWALI: Salaam aleikum mwalimu, nasoma chuo hapa Mombasa, nakaa Likoni. Maabara tuliyeyusha PEO na PMMA pamoja, hizi polima mbili, yaani vitu kama plastiki vya molekuli ndefu kama minyororo, ikiwa moto iko kleya kama maji, ikipoa inageuka nyeupe kama tui. Kundi lingine waliweka PMMA nyingi, yao ikabaki kleya mpaka kesho yake. Sasa kama zilichanganyika, ziliachana saa ngapi? Na mbona yao haikugeuka?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hazikuachana kama mafuta na maji, hilo litoe kichwani. PEO huyeyuka kwenye nyuzi 65 hivi, ikipoa chini ya hapo minyororo yake inaanza kujikunja, mkunjo juu ya mkunjo, kama leso za mamako kabatini, na kila bunda lina unene wa nanomita 10 hivi. PMMA ya kawaida haikunjiki hata uibembeleze, vikundi vya atomi vilivyo pembeni mwa mnyororo wake vimekaa ovyo. Basi inasukumwa kando, inabanwa katikati ya mabunda, na mabunda yanaenea kutoka kwa kiini kimoja pande zote mpaka inakuwa tufe, ndo sferulaiti. Iweke kwenye hadubini yenye polaraiza, vile vichujio vya mwanga, utaona msalaba mweusi umekaa katikati yake. Weupe ni mwanga unaotawanywa na hayo matufe, basi.

Kuhusu wenzenu, umewahi kupika shira ya kaimati? Ukikamua ndimu, sukari kiasi inavunjika ikawa sukari nyingine ndogo ndogo, hizo zinaingilia kati, shira haigandi chenga chenga. PMMA inafanya fujo kama hiyo, lakini ina ubaya zaidi: yenyewe hukakamaa kwenye nyuzi 105 hivi, PEO ambayo haijajikunja hubaki legevu mpaka kama 60 chini ya sifuri, na zikichanganyika kiwango cha kukakamaa kinakaa katikati, kwa hivyo ukizidisha PMMA mchanganyiko mzima unakuwa mzito, minyororo inataka kujipanga na haiwezi kusogea. Tena ndani ya mchanganyiko PEO inayeyuka kwenye joto la chini kidogo kuliko ikiwa peke yake, kwa hivyo hata ile hamu ya kuganda inapungua.

Kwa hivyo wasijisifu eti wao ndo walichanganya vizuri, yenu pia ilichanganyika. Rudini maabara, shikilieni slaidi yenu kwenye joto moja, tuseme nyuzi 45, pimeni upana wa tufe moja kila baada ya muda fulani mchore grafu ya upana na muda. Mtapata mstari ulionyooka mpaka tufe ligongane na jirani yake. Halafu ongezeni PMMA kidogo kidogo muone mstari unavyolala.