Maswali ya Wasomaji: Taco Kando ya Sinia la Viazi Karai

Mwezi huu barua kutoka Malindi zimelenga jambo moja: kuuza taco, ule mkate mwembamba wa mahindi wa Meksiko unaokunjwa na kitoweo ndani, katika mji ambao kila kona ina mtu na kaango lake. Tumechagua tano.

Asalaam aleikum. Nina meza ya chakula cha jioni. Kulia kwangu kuna viazi karai na bajia, kushoto mishkaki, mbele kijana wa shawarma. Nimeanza taco, lakini mikate ya unga wa sima inakatika nikiikunja tu. Nikichanganya na ngano inashika, ila wateja wanasema hii ni chapati. Nifanyeje? (Muuzaji, Maweni)

Waaleikum salaam. Wateja wako wamesema kweli, dada. Mkate wa ngano una asili yake kaskazini mwa Meksiko, wala si kosa kuuza. Tatizo ni kwamba ukifanikiwa nao, jirani wa mishkaki atanunua paketi ya unga na kesho jioni atakuwa anauza kama wewe. Mkate wa mahindi unaanza kazi usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Hapo ndipo utakapowaacha.

Unga wa sima hukatika kwa sababu ni mahindi makavu yaliyosagwa basi, na mahindi hayana ule unato wa ngano. Meksiko punje huchemshwa kwanza katika maji ya chokaa. Chokaa hulegeza ganda la punje na kuyeyusha sehemu yake iwe kama gundi, na wanga huanza kuiva. Vikisagwa pamoja ndipo donge hushikamana.

Chokaa si ngeni kwetu. Watafuna tambuu wanaijua. Nunua ya kuliwa, ya unga mkavu, isiyotiwa rangi wala manukato. Ya kupaka ukuta usiiguse.

Kwa kilo 1 ya mahindi meupe makavu, tia maji lita 3 na chokaa gramu 10. Pima kwa mizani. Kijiko hudanganya, maana unga wa chokaa ni mwepesi. Koroga chokaa ndani ya maji kwanza, kisha mimina mahindi. Yakianza kutokota punguza moto, yakae dakika 30 hadi 40. Toa punje moja uifikiche kwa vidole: ganda likiteleza likatoka, na ukiivunja ukakuta kiini bado kigumu kidogo, epua. Funika yalale humo humo kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji, suuza mara mbili au tatu huku ukifikicha, ila usiondoe maganda yote, kwani yanasaidia kushika.

Kusaga ndiko kunakowashinda wengi. Mashine ya posho ya mtaani ni ya nafaka kavu. Ukipeleka mahindi yaliyolowa utagombana na mwenye mashine. Tumia kinu cha chuma cha mkono, kile cha kufunga ukingoni mwa meza, upitishe mara mbili. Blenda haifai: haisagi bila maji mengi, na maji hayo yatakupa uji.

Kilo 1 ya mahindi hukupa donge la karibu kilo 1.8, yaani mikate 60 ya gramu 30. Bonyeza kidonge kiganjani. Kingo zikipasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Kikinata mkononi, kiache wazi dakika 10. Kibane kati ya karatasi mbili za plastiki nzito, kwa ubao au sahani bapa, kifikie upana wa sentimita 12 hivi. Weka juu ya chuma cha chapati kilichopata moto sana, bila mafuta: sekunde 20, geuza, sekunde 50, geuza tena mpaka uvimbe. Usipovimba, chuma ni baridi au donge ni kavu. Panga mikate ndani ya kitambaa safi, funika kwa kawa. Mvuke wake ndio unaoilainisha. Ukiiacha wazi kwa upepo wa baharini itakuwa kaukau.

Donge chungu lenye rangi ya manjano ni la chokaa nyingi au la kusuuzwa haraka. Donge la kunata kama gundi ni la mahindi yaliyochemshwa mno. Na kwa joto la Malindi, donge la asubuhi litaanza kuchacha ifikapo jioni lisipowekwa mahali pa baridi. Mahindi yenye ukungu tupa, chokaa haiyatakasi.

Mimi nauza taco za samaki kwa shilingi 80. Mwenzangu wa hatua ishirini kutoka hapa ameshusha bei ya chakula chake, na watu wanahamia huko. Nishuke hadi 70? (Kijana wa Barani)

Kabla ya kushuka, chukua karatasi. Tutatumia bei za mfano. Wewe weka zako.

Tuseme samaki mzima umempata kwa shilingi 400 kilo. Ukiondoa kichwa, miba na matumbo unabaki na nyama tupu gramu 450, kwa hiyo kilo ya nyama tupu imekugharimu karibu 890. Gramu 40 kwa taco moja ni shilingi 36. Mkate na moto wake shilingi 2, unga wa kuvisha na mafuta 7, kabichi, ndimu na sosi 6, karatasi na tishu 3. Jumla 54. Ukiuza 80 unabakiwa na 26, ambazo ndani yake kuna gesi, kibarua na ada ya kiwanja.

Ukishuka hadi 70, unabakiwa na 16. Aliyeuza 50 kwa bei ya mwanzo alibaki na shilingi 1,300. Ili azipate tena kwa bei mpya inabidi auze 82. Je, una mikono ya kukaanga 82 kabla ya watu kwenda kulala? Na mwenzako akishuka tena, utamfuata hadi wapi?

Fedha yako inapotelea kwingine. Anayekata samaki kwa macho hutoa gramu 50 akidhani ni 40. Hizo 10 zilizozidi ni karibu shilingi 9. Kwa taco 50 ni takriban 445 kwa usiku mmoja, zimeondoka bila hata kuambiwa ahsante. Nunua mizani ndogo ya dijitali. Kata vipande viwili vya gramu 20 kila kimoja, pima vyote kwa wiki mbili mpaka mkono uzoee, kisha pima kimoja katika kila kumi.

Ukitaka mtu asimame kwako badala ya kwa jirani, mpe kitu anachokisikia mdomoni. Taco ya samaki iliyopata jina ni ya Ensenada, mji wa bandari huko Baja California, Meksiko: samaki mweupe aliyevishwa unga na kukaangwa, kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, sosi nyeupe, ndimu. Wenyewe mara nyingi hutia bia katika ujiuji wa unga ili uwe na mapovu. Malindi tia soda maji baridi sana, hufanya kazi ile ile: unga wa ngano gramu 150, baking powder kijiko 1 cha chai, chumvi, na soda maji mililita 180 hivi. Changanya mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari, wala usikoroge sana. Futa maji ya samaki kwa kitambaa kabla ya kumvisha, la sivyo vazi litavuka ndani ya mafuta. Tone la ujiuji likizama na kupanda papo hapo likitoa mapovu, moto umefika. Kaanga kwa agizo, dakika 2 hadi 3. Samaki aliyekaangwa mapema akakaa juu ya sinia ni kile kile kinachouzwa meza zote.

Nimepaka kibao kikubwa, TACO, na kila anayepita anacheka. Nibadilishe jina? (Msomaji wa Majengo)

Tulijua swali hili litakuja. Sisi hapa tunaliandika kwa c, kama Wameksiko wenyewe, lakini kibao kikisomwa kwa sauti c haimsaidii mtu. Vijana watacheka na watanunua mara moja. Mama aliyefuatana na mkwewe hatasimama mbele ya watu aagize tatu. Andika kitoweo kwanza kwa herufi kubwa: Samaki wa Mkunjo, Mishkaki ya Mkunjo. Chini, kwa herufi ndogo, weka taco kwa ajili ya mgeni anayelitafuta neno hilo. Na mfundishe kibarua wako aulize, "Mikunjo mingapi?"

Nauza shawarma karibu na soko. Nataka kuongeza taco, na nimeshapanga aina tisa ili kila mtu apate anachopenda. Ni sawa? (Mfanyabiashara, Malindi)

Wewe na taco ni jamaa, ndugu yetu. Taco ziitwazo al pastor, zile za nyama inayozungushwa kwenye mkuki wa wima, zimetokana na shawarma ya wahamiaji wa Kilebanoni waliofika Meksiko. Mkuki unao, kisu unacho.

Tisa ni nyingi. Kila kitoweo kinahitaji sufuria, barafu na mabaki yake. Kila aina ikibaki gramu 300 tu usiku, umebaki na kilo 2.7 za chakula ambacho kesho utakiuza kwa wasiwasi au utakitupa. Kuna kibanda cha kula umesimama huko Mexico City, El Califa de León, kilichofunguliwa 1968. Mwaka 2024 kilipewa nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya migahawa, nacho kinauza aina nne tu, zote za nyama.

Kwako tatu zinatosha. Nyama ya mkuki, maana ndiyo kazi yako. Hesabu kwamba nyama hupoteza robo au zaidi ya uzito motoni. Samaki wa kukaanga. Ya tatu iwe mbaazi za nazi, kwa asiyekula nyama na kwa mwenye shilingi chache: mbaazi zilizochemshwa zikaiva, zikapikwa na tui zito mpaka rojo ikauke. Hilo la rojo ni muhimu. Kitoweo chenye maji hulowesha mkate, na mteja atamaliza chakula akiwa amekivaa. Sosi moja tu: ukwaju, pilipili mbuzi, kitunguu saumu na chumvi. Uchachu wa ukwaju huisaidia isiharibike upesi, lakini iwe na kifuniko na ijazwe upya kila siku.

Eneo nalo lisihamehame. Mpishi Roy Choi na wenzake walipoanza Kogi, gari lao la kuuzia taco, jijini Los Angeles 2008, walikuwa wakihama kila usiku, ila walitangaza mahali walipo kupitia Twitter. Kama huna budi kuhama, status ya WhatsApp iwe imewekwa kabla ya Magharibi, kila siku. Anayekuja akakukosa mara mbili, mara ya tatu hafungi safari.

Kusi likianza samaki anapanda bei na wageni wa hoteli wanapungua. Wengine wananishauri nimnunue jodari wa bei rahisi aliyelala. Mnasemaje? (Muuza samaki wa Shela, Malindi)

Jodari aliyelala bila barafu usimguse hata akipewa bure. Jodari na nguru wakikaa kwenye joto, vijidudu hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini. Mtu hula, na pengine ndani ya nusu saa uso umekuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, kukaanga hakuiondoi, ndimu wala kiungo havisaidii; na samaki huyo anaweza asinuke kabisa. Kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, tangu anapotoka chomboni. Kasha liwe na tundu la kutoa maji, kwani samaki anayeogelea katika maji ya barafu iliyoyeyuka hulegea nyama.

Wakati wa kusi mashua ndogo hazitoki kila siku, nawe usilazimishe. Siku samaki akipita bei uliyoipangia hesabu, mfute kwenye kibao, uza mbaazi na nyama, bei ibaki ile ile. Mahindi ya chokaa punguza: kama ulikuwa unachemsha kilo 2, chemsha 1, na ikiisha saa tatu usiku funga meza. Mwezi wa Ramadhani anza kukaanga baada ya Isha, maana mtu aliyefuturu nyumbani kwake hatatoka kutafuta chakula kabla ya hapo.

Umeuliza pia pembeni kuhusu karatasi. Leseni ya biashara ni ya kaunti ya Kilifi. Cheti cha afya ni cha kila anayeshika chakula, pamoja na yule mpwa anayekusaidia Ijumaa tu, na hufanywa upya kila miezi sita. Kitundike mahali mteja anapokiona akiwa anasubiri.